Kiakisi, Kipenyeza na Kifyonza: Istilahi za Mwanga katika Kupiga Picha za Watu Nje

Wafasiri pamoja na walimu wa ufundi wametuuliza zaidi ya mara moja jina la Kiswahili la kile chombo bapa, aghalabu cha mviringo, ambacho mpiga picha au msaidizi wake hukishika karibu na mtu anayepigwa picha nje ili kuurudishia uso wake mwanga wa jua. Swali laonekana dogo. Mwenye kulijibu kwa haraka atasema ni reflekta, kama wasemavyo wapiga picha wengi, na mambo yakaishia hapo. Lakini kila tulipojaribu kulitumia neno hilo katika sentensi ya mafunzo, tuliona kuwa linavuta nyuma yake msururu wa maneno mengine ambayo bado hayajakaa sawa: mwanga na nuru, kivuli na uvuli, kuakisi na kurejesha. Kwa hiyo hatutaanza na orodha ya maneno. Tutaanza na kazi ya chombo chenyewe, maana makosa mengi ya istilahi za fani hii yametokana na kukipa kitu jina kwa kutazama umbo lake, kabla ya kuuliza mwanga unatendwa nini ukifikapo juu yake.

Mtu asimamapo nje wakati wa adhuhuri, jua humwangaza kutoka juu. Paji la uso, mgongo wa pua na mashavu hupata mwanga mwingi. Matundu ya macho, chini ya pua na chini ya kidevu hubaki katika giza. Jicho la binadamu huvumilia tofauti hiyo, kwa sababu hujirekebisha kila linapohama kutoka mahali hata mahali. Kamera haina uvumilivu huo. Ikirekebishwa ili mashavu yaonekane vizuri, macho hupotea; ikirekebishwa kwa ajili ya macho, mashavu huwa meupe kama yamepakwa unga. Chombo tunachokizungumza huwekwa mahali ambapo jua hukifikia, kisha hugeuzwa mpaka mwanga uliokifikia uurudie uso kwa upande ule wenye giza. Hakiongezi jua. Huchukua sehemu ya mwanga ambao ungepotelea ardhini na kuupeleka unakohitajiwa.

Hapa mfasiri wa vitabu vya mafunzo hukutana na taabu yake ya kwanza, nayo si ya maneno. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa katika nchi ambazo jua lake hukaa upande mmoja wa mbingu. London, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri hupanda nyuzi 15 hivi tu juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, jua la adhuhuri hukaa karibu nyuzi 60 au zaidi mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena katika Oktoba, hupita utosini. Basi kitabu kinapoagiza kwamba chombo kiwekwe "upande ulio mkabala na jua, kimo cha uso", mwanafunzi wa London hupata agizo linalotekelezeka, na mwanafunzi wa Dar es Salaam hubaki akilitafuta jua lina upande gani. Tafsiri iliyo sahihi neno kwa neno imempotosha. Kwetu, saa sita mchana, chombo hulazimika kushushwa mpaka kiunoni au hata ardhini na kuinamishwa kuelekea juu. Nacho kikiwa chini mno na kikang'aa mno, vivuli hupanda juu badala ya kushuka, na uso huwa kama wa mtu aliyeinamia moto wa kuni usiku. Ndiyo maana wapiga picha wenye uzoefu humwondoa mtu juani, wakamweka ukingoni mwa baraza au chini ya mti, kisha wakatafuta kitu cheupe cha kumwangazia. Wa Unguja na Lamu wamekuwa nacho siku zote: ukuta uliopakwa chokaa ng'ambo ya uchochoro hufanya kazi hiyo bila kushikwa na mtu, na mchanga mweupe wa pwani vilevile. Mfasiri mwema wa sura kama hiyo atapaswa kuongeza aya yake mwenyewe au kumwomba mhariri ruhusa ya kuibadili.

Sasa tuje kwenye jina. Hatuna ugomvi na maneno ya kukopa. Kamera, lenzi na filamu yameingia, yamevaa viambishi vyetu, na hakuna anayeyaonea haya. Kasoro ya reflekta ni kwamba tayari lina mabwana wawili wengine. Ni fulana ya mwendesha bodaboda, na ni ile pembetatu iwekwayo barabarani nyuma ya gari lililoharibika. Mtu angedhani kuwa vitu hivi ni vya jamii moja na chombo cha mpiga picha, maana vyote "hung'aa". Kwa hakika vinatenda kinyume. Nyuso za fulana na pembetatu zimetengenezwa kwa vishanga vidogo mno vya kioo, au kwa vipembe vidogo vilivyopangwa, ili mwanga unaozifikia urudi kulekule ulikotoka, hata kama umekuja kwa mshazari. Ndiyo sababu dereva huiona fulana iking'aa: mwanga wa taa zake mwenyewe umemrudia. Anayetembea kando ya barabara haoni mng'ao huo.

Tuseme mwanafunzi amesoma kwamba ajitafutie reflekta kubwa, naye akaenda kwenye duka la vipuri akanunua karatasi ya kunata ibandikwayo nyuma ya malori, akaitandaza juu ya ubao. Ataielekeza kwenye uso wa mtu, ataiinua, ataishusha, na uso hautapata kitu cha maana. Sehemu kubwa ya mwanga ule inarudi juani. Mwanafunzi atadhani mkono wake ni mzito, kumbe aliyekosea ni mwandishi aliyetumia neno moja kwa vitu viwili. Kwa ajili hiyo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya kitaalamu vifaa vya barabarani viitwe virejesha mwanga, kwa kuwa kurejesha ni kupeleka kitu kilikotoka, na neno jingine litengwe kwa chombo cha mpiga picha. Hatukusudii kumwendea askari wa usalama barabarani na kumwambia abadili msamiati wake. Fulana itaendelea kuitwa ilivyozoeleka.

Wapo wapiga picha wa mitaani wakiitao chombo hiki kioo. Jina hili ni baya kuliko reflekta, tena kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga. Kioo cha kujitazamia huurudisha. Na siku hizi kioo cha simu hutoa mwanga wake. Neno moja limebeba matendo matatu. Zaidi ya hayo, anayeambiwa alete kioo ataleta kioo, naye atamtia mwenzake kiwi cha macho. Kioo cha kujitazamia huurudisha mwanga wa jua ukiwa mkali karibu kama ulivyokuja, katika umbo la doa moja, na mtu aliyeelekezewa hukunja uso na kutoa machozi. Hilo si jambo la mzaha: jua lililorudishwa na kioo laweza kuumiza macho kama jua lenyewe.

Neno tunalolipendekeza ni kiakisi, na kwa urefu wake, kiakisi mwanga. Kitenzi akisi tumekipata kutoka Kiarabu, katika mzizi ambao maana yake ya asili ni kugeuza au kuwa kinyume, na ndio mzizi uleule uliotumiwa na wataalamu wa elimu ya mwanga waliotumia Kiarabu. Mkubwa wao alikuwa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo na kufa yapata mwaka 1040, ambaye kitabu chake juu ya kuona kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi katika tafsiri ya Kilatini. Kwa hiyo neno hili lina nasaba nzuri katika somo lenyewe. Kwetu limetumiwa mno kwa mafumbo, hasa na walimu wa fasihi, ambao husema kazi fulani "huakisi maisha ya jamii", hata wanafunzi wengine wanadhani kuakisi ni kufanana. Yafaa lirudishwe kwenye kazi yake ya kwanza. Uso wa kitu ndio unaoakisi, na mwanga ndio unaoakisiwa. Tumekutana na sentensi kama "mwanga wa jua huakisi usoni", ambayo imempa mwanga kazi isiyo yake. Yapasa kusema mwanga wa jua huakisiwa na kitambaa ukafika usoni.

Juu ya umbo la jina, maoni yamekuwa matatu. Wengine wamependa kiakisishi. Lakini kiambishi cha kusababisha kimeingia bila ya haja: kiakisishi kingekuwa kitu kinachokifanya kitu kingine kiakisi, kama vile rangi ya fedha ipakwayo juu ya ubao. Wengine wametaka kiakisio, kwa mfano wa kifagio. Umbo hili lingekubalika, ila ni refu pasipo faida. Kiakisi limeundwa kwa njia iliyonyooka, kama msafiri alivyotokana na safiri na mhakiki na hakiki, bila kuongezwa kitu mwishoni. Nalo likifuatwa na mwanga huingia katika jamaa ya kipaza sauti, kipima joto na kizima moto, majina ambayo kila mtu huyaelewa kwa mara ya kwanza kwa kuwa yametaja kazi.

Viakisi havifanani. Chenye uso mweupe usiong'aa huutawanya mwanga kila upande wakati wa kuuakisi, hivyo uso wa mtu hupata mwanga laini, na mshikaji hana haja ya kulenga kwa usahihi mkubwa. Chenye uso wa rangi ya fedha hufanana zaidi na kioo: pembe ambayo mwanga umekuja nayo ndiyo, kwa kadiri kubwa, pembe unayoondoka nayo, kama mpira uliorushwa ukutani. Hupeleka mwanga mwingi na mbali zaidi, lakini kikigeuzwa kidogo tu mwanga huukosa uso na kwenda begani. Chenye rangi ya dhahabu hupunguza rangi ya samawati katika mwanga na kuuacha ukiwa na wekundu wa alasiri. Hapo kuna jambo la kuangalia, kwa sababu mtu aliye chini ya mti huangazwa na mbingu, ambayo ni ya samawati, na kiakisi cha dhahabu kikimpiga upande mmoja atakuwa na uso wa rangi mbili. Kwa wafasiri tunashauri iandikwe "kiakisi cha rangi ya dhahabu" au "ya fedha". Tuliwahi kuona "kiakisi cha dhahabu" katika orodha ya vifaa vya kununuliwa, na mhasibu akataka maelezo, wala hatuwezi kumlaumu. Na yeyote afundishaye somo hili awakumbushe wanafunzi kwamba kila kitu chenye rangi ni kiakisi cha rangi hiyo. Ukuta wa kijani ulio karibu utaupaka uso ukijani, na shati jekundu litalipaka kidevu.

Vifaa vinavyouzwa siku hizi aghalabu huwa na nyuso tano katika chombo kimoja cha kukunjwa: nyeupe, ya fedha, ya dhahabu, nyeusi, na kitambaa chembamba katikati ambacho mwanga hupita. Wauzaji huviita vyote reflekta. Hili ndilo kosa tunaloliona kubwa kuliko yote, kwa maana nyuso mbili kati ya hizo tano haziwekwi pale kwa kazi ya kuakisi.

Kitambaa chembamba huwekwa kati ya jua na mtu. Mwanga hupita ndani yake na kutoka upande wa pili ukiwa umetawanyika, na vivuli vikali vya adhuhuri hulainika. Wengi wamekiita kitawanya mwanga. Tumelifikiri jina hili kwa muda na tumeona kwamba halitengi kitu na kitu, maana kiakisi cheupe nacho hutawanya. Mwanga unapofikia kitu chochote huwa na njia tatu tu: huakisiwa, au hupenya, au hufyonzwa, na mara nyingi hugawanyika katika njia zote tatu kwa viwango mbalimbali. Majina yakifuata njia hizo hayatagongana. Kwa hiyo twapendekeza kipenyeza mwanga. Tunajua kwamba kitenzi penyeza kina harufu ya rupia iliyopitishwa chini ya meza, lakini maana yake ya msingi ni kukifanya kitu kipite mahali pa kubana, na ndivyo kitambaa kifanyavyo. Kutawanya kubaki kitenzi cha kueleza jinsi mwanga unavyotoka, ama katika kiakisi ama katika kipenyeza.

Kwamba jina hufuata kazi, tunaweza kulionyesha kwa tukio la historia ya sinema. Katika filamu ya Aparajito ya Satyajit Ray, iliyotoka mwaka 1956, palihitajiwa ua wa nyumba ya mji wa Benares, nao ulijengwa ndani ya studio huko Calcutta. Ua wa namna hiyo hupata mwanga wa mbingu peke yake, mwanga usio na vivuli vikali, na taa za studio zisingeweza kuuigiza kwa kuelekezwa moja kwa moja kwa waigizaji. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alitandaza kitambaa cheupe juu ya ua ule wa kujengwa, kikawa badala ya mbingu, akaziweka taa chini yake zikikiangaza kitambaa, na mwanga ukarudi chini ukiwa laini. Kitambaa kile kilikuwa kiakisi. Lau taa zingewekwa juu yake, kitambaa kilekile, bila kubadilishwa uzi mmoja, kingekuwa kipenyeza. Mfasiri aliyeletewa habari hii na kuandika tu "kitambaa cha kutawanya mwanga" angemwacha msomaji asijue taa zilikuwa wapi, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Uso mweusi huitwa na wengine "reflekta nyeusi", maneno mawili yanayokanushana. Kazi yake ni kuzuia: ukiwekwa karibu na shavu huchukua mwanga uliokuwa ukirudi kutoka ukutani au mchangani, na upande ule wa uso ukapata kina. Hutumika hasa mahali penye mwanga mwingi usio na mwelekeo, ambapo uso huonekana bapa kama sahani. Tumeuita kifyonza mwanga. Neno fyonza limekwisha kuzoeleka katika kifyonza vumbi na katika masomo ya sayansi, kwa hiyo halihitaji utetezi.

Msomaji ameona kwamba tumetumia mwanga kila mahali na tumeliepuka neno nuru. Si kwa kulidharau. Masomo ya sayansi shuleni yamezoea mwanga, na neno moja litoshalo halina sababu ya kupewa mwenzi. Nuru limebeba maana za dini na za heshima, na Waswahili husema juu ya mtu kwamba uso wake una nuru, wasiwe na maana ya kwamba umeangazwa na kitu. Mpiga picha hutumia mwanga ili nuru hiyo ionekane. Tukiyachanganya maneno haya tutapoteza uwezo wa kuisema sentensi hiyo. Mwangaza nalo twaliacha kwa maana ya kiasi cha kuangaza kilichopo mahali: mwangaza wa baraza ni hafifu kuliko wa uani. Wapo watakaotukumbusha kwamba mwanga katika ngeli ya watu ni mchawi, na wingi wake wanga. Upatanisho wa kisarufi utawatenganisha.

Kivuli kimetupa kazi zaidi, na hapa tunawaomba watumishi wa serikali watusikilize, maana ndio waandikao maagizo kwa wananchi. Viwango vya picha za hati za kusafiria, vilivyowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, hutaka uso uangazwe sawasawa, pasiwe na kivuli usoni wala nyuma ya mtu. Tuchukue tangazo la mfano: "Mwombaji apigwe picha kivulini. Picha yenye kivuli haitapokelewa." Aliyeliandika anajua alichokusudia. Aliye mbali na ofisi, ambaye amesafiri na kulipa ili apigwe picha nne, anasoma sentensi mbili zinazopigana. Mpiga picha wake atachagua moja: ama atamweka juani ili "pasiwe na kivuli", na matundu ya macho yatatoka meusi, ama atamweka chini ya mwembe, na madoa ya jua yapitayo kati ya majani yatamwangukia usoni. Kwa vyovyote picha yaweza kukataliwa, na gharama ni ya mwombaji.

Kiswahili kina maneno mawili, na si vema kuyatumia kama moja. Twapendekeza kwamba uvuli liwe mahali palipokingwa jua, na kivuli liwe giza lenye umbo linaloangushwa na kitu juu ya kitu kingine: kivuli cha pua juu ya mdomo, kivuli cha kichwa juu ya ukuta. Twafahamu kwamba katika mazungumzo watu wengi husema kivulini kwa maana zote mbili, na hatuna haja ya kuwasahihisha barazani. Katika tangazo iandikwe hivi: "Mwombaji apigwe picha uvulini, chini ya paa na si chini ya mti, akiwa ameelekea upande wenye mwanga. Kitambaa au karatasi nyeupe ishikwe chini ya kifua chake ili kufifisha vivuli vya macho na kidevu." Sentensi ni ndefu kuliko za kwanza, lakini yeyote mwenye shuka nyeupe anaweza kuitekeleza.

Limebaki jambo la kipimo, nalo hugusa ngozi zetu wenyewe. Kamera, iwe ya filamu au ya simu, hupima mwanga unaoakisiwa na kitu kilicho mbele yake. Haijui kitu hicho ni nini. Kipimo chake kimewekwa kwa kudhani kwamba mandhari, kwa wastani, ni ya kijivu cha kati. Kadi ya kijivu ambayo wapiga picha wameitumia kwa miaka mingi huakisi asilimia 18 ya mwanga unaoifikia. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe akisimama juani, kanzu huakisi mwanga mwingi mara kadhaa kuliko uso wake. Kamera ikitazama kanzu hupunguza mwanga, na uso hutoka ukiwa giza lisilo na sura. Ikitazama uso peke yake hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na kanzu hugeuka karatasi tupu isiyo na mikunjo, huku ngozi ikikosa weusi wake wa kweli. Mambo hayo yalipotokea, mara nyingi mteja aliambiwa kwamba ngozi yake ni ngumu kupigwa picha. Ngozi haina ugumu. Ni kipimo kilichosomwa vibaya, na katika siku za filamu za rangi, ni vilevile filamu ambazo usawa wa rangi zake ulipimwa kwa miaka mingi kwa kadi zenye picha za wanawake weupe.

Kuna njia nyingine ya kupima: kuweka kipima mwanga pale pale usoni na kukielekeza upande mwanga unakotoka au kwenye kamera, kisome mwanga unaofika kabla haujaakisiwa na chochote. Kipimo hicho hakibadiliki kwa weusi au weupe wa mtu. Istilahi mbili zinahitajiwa, na tumeona kwamba zisipotofautishwa somo zima huporomoka. Twapendekeza mwanga uangukao kwa ule unaofika, na mwanga uakisiwao kwa ule unaoondoka. Watakaotaka majina mafupi zaidi wanaweza kusema kipimo cha mwanguko na kipimo cha mwakisiko. Kiakisi kinaingia hapa kwa sababu huinua mwanga uangukao juu ya uso bila kuongeza ule unaoangukia kanzu, kama kikilengwa vema na kukingwa kisipeleke mwanga chini ya shingo. Kwa njia hiyo pengo kati ya uso na nguo hupungua, na kamera hupata nafasi ya kuonyesha vyote viwili. Kwa mpiga picha wa harusi za kwetu, mwenye bwana harusi wa kanzu na bibi harusi wa shela, hakuna kifaa cha bei ndogo kilicho na manufaa kuliko hicho.

Mwanga utokao kwenye kiakisi umetafsiriwa mahali pengi kama "mwanga wa kujaza". Ni tafsiri ya neno kwa neno, na msomaji hujiuliza kinachojazwa ni chombo gani. Uitwe mwanga saidizi, na ule wa jua, au wa upande wa mbingu, uitwe mwanga mkuu; uhusiano wao utaeleweka bila ya maelezo. Ile nukta ndogo inayong'aa katika mboni ya jicho, ambayo kiakisi huileta na ambayo bila yake jicho huonekana limelala, tumependekezewa iitwe kimeto. Ni neno zuri, lenye asili katika meta, lakini liko herufi moja tu kutoka kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua watu, na wapiga chapa wetu hawasameheki katika mambo ya herufi. Kwa sasa tumeandika kimeto cha jicho, kwa maneno mawili, ili daktari wa mifugo asishtuke.

Mtu anayeshika chombo ni mshika kiakisi. Maagizo yake yaandikwe kwa vitenzi vinavyojulikana: inua, shusha, inamisha, geuza, sogeza. Kabla ya kugeuza uso wa fedha kumwelekea mtu, amwambie afumbe macho, atulize chombo, kisha ndipo amwambie ayafumbue. Maoni ya wasomaji juu ya uvuli na kimeto yatapokelewa na kuzingatiwa kabla ya maneno haya kuingizwa katika orodha.